Mlango wa Tanuri

Jumatatu, Machi 11

Nerima, mjukuu wangu ninayekaa naye, ameniletea daftari. Kamati ya ukuta inataka kila anayependekezwa aandike historia yake kwa ukurasa mmoja. Mtu aliyefundisha ngumi katika ukumbi wa mtaa huu miaka kumi na tisa anapimiwa ukurasa, kama gorogoro ya mahindi. Nimemwambia nitaandika kila ninapopata nafasi mpaka siku ya uamuzi, wao wachague watakachochukua. Kusoma nilisomea ngumbaru nikiwa tayari na mke na watoto wawili, lakini mwalimu wetu alisema herufi zangu zimesimama kuliko za karani wa reli.

Jumatano, Machi 13

Nieleze jambo lenyewe, maana vijana wa kamati hawajui kueleza.

Ukuta wa ukumbi, ule unaotazama barabara, utachorwa nyuso za watu kumi na wawili waliotoka mtaa huu wakajulikana. Yumo mkunga aliyezalisha nusu yetu. Yumo mpiga gitaa aliyefika Kinshasa. Yumo jaji, ingawa jaji huyo alihama hapa akiwa na miaka sita na sijamwona akirudi hata kwa matanga. Kanuni ni moja. Kila jina, la aliye hai au aliyekufa, lisimamiwe na mashahidi wawili wa rika lake walioona kwa macho, waseme wakiwa wamesimama mbele ya watu. Gazeti la zamani halitoshi. Uamuzi ni Jumamosi, Mei 11.

Kanuni hiyo nimeipenda. Mimi si mtu wa kusimuliwa, mimi nilionekana.

Mabondia niliowafundisha ni thelathini na saba. Wa kwanza wao alikuwa Andati. Mkono wake wa kushoto niliutengeneza mimi, kuanzia namna ya kukanyaga. Alipokuwa akipiga gunia la mazoezi, akina mama waliokuwa wakiteka maji nje walisikia na kusema, "Andati ameingia."

Jumatano, Machi 20

Mvua imeanza. Bati linavuja palepale.

Jumamosi, Machi 23

Nimepata shahidi wa kwanza, na sikumtafuta. Khalayi, mjane wa Andati, amekuja mwenyewe na mahindi ya kuchemsha kwenye kitambaa. Ana miaka sabini na bado anaosha veranda yake kwa kupiga magoti.

"Mwalimu, nimesikia unataka watu wa kukusimamia," akasema. "Mimi nitasimama."

"Wewe hukuniona nikifundisha, mama. Ulikuja mtaani baadaye."

"Nilimwona uliyemfundisha. Mpaka anakufa alikuwa anakuita Mwalimu. Mtu mwingine hakumpa jina hilo, hata mchungaji."

Nikamwambia asante. Nerima, anayeniita babu kwa Kiluhya chetu, akasema baada ya yeye kutoka, "Kuka, huyo mama ana roho safi." Nikamwambia ale mahindi.

Jumatano, Machi 27

Teresiah, mwenyekiti wa kamati, amenipitia. Ni mwalimu mstaafu, na alikuwa mtoto wa kamasi wakati mtaa mzima ulipokuwa ukiniita Mwalimu. Amekuja na orodha kwenye simu.

"Mzee Simiyu, wewe una nafasi nzuri. Ngumi lazima iwe na mtu ukutani. Tulikuwa na majina mawili, lako na la Andati. La Andati tumelitoa."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini. Watoto watapita hapo kwenda shule. Hatuwezi kuchora mlevi."

Alisema kwa upole. Hata yeye anamkumbuka akipita na miguu yake inayopishana, akishika ukuta, akiongea maneno yaliyofungana. Watoto walimfuata wakiimba "Andati Chupa, Andati Chupa." Teresiah mwenyewe aliimba, alinikubalia hilo.

Nikamuuliza kama picha yangu ya zamani itafaa.

Alhamisi, Machi 28

Mvua siku nzima.

Jumatano, Aprili 3

Shahidi wa pili ni Thuo, niliyemfundisha pamoja na Andati. Hakuna mwingine aliye hai, wote tumewazika. Kwa hiyo leo nimekwenda Kariokor, anakoshona akala, viatu vya tairi, na sijasema na Thuo tangu mwaka wa sabini na nne.

Alikuwa amekaa na tairi kati ya miguu, anaikata kwa kisu. Mikono yake bado ni ya bondia. Hakuinua uso.

"Nilikuwa nahesabu ni lini utakuja," akasema. "Nilifikiri utamtuma mtu. Nyinyi Waluhya, watu wa kuku, mna kiburi."

"Nimekuja mwenyewe."

"Kwa sababu ya ukuta."

"Unajua nilikufundisha. Sema tu ulichokiona."

Hapo ndipo alipoinua uso. "Nikisema nilichokiona utafukuzwa mtaani, Simiyu. Sikiliza. Andati nilikula naye sahani moja, na aliniomba ninyamaze. Siku utakayosimama useme ukweli wa Andati, siku hiyohiyo nitasimama niseme wewe ulikuwa mwalimu, maana ulikuwa. Kabla ya hapo, mimi nauza akala."

Nikamwambia hajui ngumi. Akaniuliza navaa akala namba ngapi.

Nimerudi kwa miguu, nimelowa, na kwa kuwa daftari hili ni langu, nitaandika jambo hilo la Andati. Hakuna aibu ndani yake. Kila mwalimu alikuwa anakausha mtu kabla ya mizani, atoke jasho apungue kilo. Mwaka huo wa sabini na nne Andati alikuwa amezidi kilo moja na robo, na kesho yake ilikuwa uchaguzi wa timu ya kwenda ng'ambo. Nyuma ya mtaa palikuwa na bekari, na chumba chake cha tanuri kilibaki moto mchana kutwa baada ya mikate kutolewa. Tulikuwa tunawakausha mabondia humo, wamevaa magunia juu ya nailoni. Dakika ishirini. Andati nilimweka dakika hamsini. Mlango wa chuma niliushika mimi. Alibisha mara tatu, nikamwambia bado. Thuo alitaka kufungua, nikamzuia. Alipoacha kubisha nilifikiri amekuwa mwanamume.

Tulimtoa akiwa haongei. Tukammwagia maji, baada ya saa moja akafungua macho. Hospitali hatukumpeleka, maana tungefungiwa ukumbi. Asubuhi mizani ilimkubali. Lakini alikwenda kwenye mizani akiyumba, na daktari wa mashindano alipomuuliza jina lake, ulimi ukazunguka. Daktari akanigeukia. Nikasema, "Samahani, jana alikunywa."

Akafukuzwa kwa ulevi. Miguu haikurudi sawa tena, wala ulimi. Nilimwambia akae kimya mpaka nitakapotengeneza mambo, naye akaniahidi. Alikuwa mtu wa Kanisa la Marafiki, kwao neno ni neno.

Basi ndiyo hiyo. Thuo anafikiri mimi nimesahau.

Alhamisi, Aprili 4

Goti linauma. Sikutoka.

Jumatatu, Aprili 15

Mchoraji amefika, msichana wa Dandora anayeitwa Marion, ana rangi mpaka kwenye nyusi. Ameanza kuukwangua ukuta, mvua inamfukuza, anarudi, inamfukuza tena. Nilimpelekea picha yangu ya zamani nikiwa na taulo shingoni.

"Mzae, ulikuwa mnoma, mkali kweli," akasema.

"Mimi bado ni mnoma. Uso huu uchore mkubwa kuliko wa jaji."

Akacheka, akaiweka picha katika nailoni isilowe. Nafasi yangu ni ya tatu kutoka mlangoni, nimeipima kwa hatua.

Ijumaa, Aprili 19

Nimemtumia Thuo salamu kupitia kwa Nerima. Ameniletea jibu: "Mwambie kuka yako akala zake ziko tayari." Sikuagiza akala.

Alhamisi, Aprili 25

Usiku wa jana mto ulipanda mpaka nyumba za chini. Leo asubuhi maji yaliingia kwa Khalayi, na Nerima akamleta kwetu na godoro lake na redio. Ukumbi umejaa watu wenye vyungu. Redio inasema Nairobi nzima iko hivyo.

Nimekaa naye mchana kutwa, mimi kwenye kitanda, yeye kwenye kiti, Nerima akipika chai. Mvua ilikuwa inapiga bati hata tukawa tunapaaza sauti.

Khalayi akasema, "Mvua kama hii hainipi raha, Mwalimu."

"Ni maji tu, mama."

"Si maji. Nilikuwa namfungia nje." Aliongea akitazama kikombe. "Nilisema mtu akilewa alale na pombe yake. Akija anayumba, najua amekunywa, nafunga komeo. Analala pale chini ya ngazi. Habishi mlango. Wanaume wengine walevi huvunja mlango, huyu hakuwahi kubisha hata mara moja."

Nerima akamuuliza kama anavyomuuliza bibi yake, "Kukhu, alikuwa anakunywa wapi?"

"Hapo ndipo penye ajabu. Sikuwahi kumkuta kwa mama yeyote wa pombe. Nilikuwa namnusa mdomo. Sikusikia kitu. Nikasema wenzake wamemfundisha kunywa isiyonuka." Akacheka kidogo. "Mwanamume akiamua kukuficha, anakuficha."

Miaka ishirini na nane, tangu tanuri mpaka kaburi. Nilijua habishi mlango kwa sababu gani. Chai yangu ikapoa.

Nilitaka kusema. Naandika hapa kwamba nilitaka. Kisha nikaona ile nafasi ya tatu kutoka mlangoni, na siku kumi na sita tu zilizobaki, na shahidi wangu wa kwanza amekaa kwenye kiti changu na godoro lake limelowa. Nikasema, "Andati alikuwa na mkono wa kushoto ambao Nairobi haijauona tena."

Akasema, "Hilo kila mtu analisema."

Ijumaa, Aprili 26

Bado yuko hapa. Anafagia kabla sijaamka.

Jumapili, Aprili 28

Amerudi kwake. Nyumba imekuwa kubwa.

Jumamosi, Mei 4

Nimepata njia. Nitasimama niseme Andati hakuwa mlevi, alikuwa mgonjwa. Huo ni ukweli. Thuo aliomba ukweli wa Andati, hakusema ukweli wangu. Andati atapata ukuta, mimi nitapata ukuta, Khalayi atafurahi. Mtu aliyezoea ulingo hakosi kona ya kutokea.

Thuo nimemtumia neno kwamba niko tayari.

Jumamosi, Mei 11

Niandike yote leo.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mbele meza ya kamati, Teresiah katikati na miwani yake. Marion alikuwa amekaa juu ya ngazi yake kando, anasikiliza. Walipita mkunga, mpiga gitaa, jaji aliyetuma mtu. Kisha likaitwa jina langu.

Khalayi akasimama na kitambaa kipya kichwani. "Mimi ni mjane wa Andati. Mume wangu alikuwa na makosa yake, mnayajua. Lakini huyu alimfundisha, na mume wangu alimheshimu mpaka kaburini. Mimi nimemsimamia Mwalimu."

Watu wakapiga makofi. Makofi yalikuwa mazuri, siwezi kudanganya.

Teresiah akauliza shahidi wa pili. Thuo akasimama nyuma kabisa. "Nipo. Ila kwanza Simiyu ana mtu wa kumsimamia."

Nikasimama. Nilikuwa nimeyakariri maneno. "Naomba jina la Andati lirudishwe. Andati hakuwa mlevi. Alikuwa mgonjwa. Alipatwa na ugonjwa wa joto, ukampiga miguu na ulimi."

Ukumbi ukaguna. Khalayi hakuwa amekaa bado, akanigeukia.

Teresiah akavua miwani. "Alipatwa wapi, Mzee Simiyu?"

"Katika mazoezi."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Na mtaa mzima ulipokuwa unamwita Chupa, ulikuwa wapi?"

"Mambo ya zamani yana watu wengi," nikasema. Nikaanza kukaa.

Hapo Thuo akasema, kwa sauti ya huruma, kama anayemtetea mgonjwa, "Mwalimu Teresiah, msimbane mzee. Pengine hakuwa na neno siku zile. Mimi nakumbuka alikuwa anabeba ndoo na taulo. Mkubwa alikuwa mtu mwingine."

Watu wakacheka. Mtu mmoja dirishani akasema, "Kumbe ni mzae wa taulo." Kicheko kikazunguka kikarudi.

Najua sasa alichokifanya. Thuo alinijua tangu nikiwa kijana, alijua upande gani taya langu liko wazi. Lakini pale sikuona kitu. Nilisikia taulo tu.

"Taulo gani," nikasema. "Hakuna mtu aliyeinua mguu katika ukumbi huu bila mimi kusema inua. Ni mimi niliyesema Andati aingie chumba cha tanuri. Ni mimi niliyeshika mlango. Alibisha mara tatu nikasema bado, na huyu Thuo anayeongea nilimwambia akigusa komeo nitamvunja taya, akaogopa. Na daktari alipouliza kwa nini anayumba, nilimjibu mimi kwamba alikunywa. Mimi. Angemwamini nani mwingine? Mkubwa nilikuwa mimi."

Nikabaki nimesimama na kidole juu. Ndipo nami niliposikia nilichosema.

Khalayi akaniuliza, na hakupaaza sauti, "Hakunywa?"

"Hakunywa."

"Hata siku moja?"

"Sikuwahi kumwona na glasi."

Akatafuta kiti kwa mkono, kama mtu asiyeona. Marion akateremka upesi akamshika. Khalayi akasema, akiwaambia wale wa mbele, si mimi, "Nilikuwa namnusa mdomo. Mungu wangu, nilikuwa namnusa mdomo kila siku."

Thuo akasimama kwa Andati, nami nikahesabiwa shahidi wa pili. Jina la Andati likarudi. Kisha Teresiah akauliza kuhusu langu, kwa maana kanuni ni kanuni. Thuo akasema neno lake kama alivyoahidi: "Alikuwa mwalimu. Alinifundisha mimi na alimfundisha Andati." Hapo mashahidi wangu walikuwa wawili, naandika ukweli, kwa dakika moja walikuwa wawili.

Khalayi akasema, "Neno langu nimeliondoa."

Teresiah akapiga mstari. Niliona kalamu ikipita.

Jumapili, Mei 12

Nerima alikwenda kanisani bila kuniaga.

Jumanne, Mei 14

Khalayi amekuja. Nerima alimpa kiti, hakukaa. Alisimama mlangoni na viatu vyake vya matope.

"Mwaka wa themanini na nane nilikuja hapahapa," akasema. "Andati alikuwa ameniambia, muulize Mwalimu. Kila nikimgombeza, neno lake lilikuwa hilo, muulize Mwalimu. Nikaja nikakuuliza mume wangu ana nini. Unakumbuka ulivyonijibu?"

Nakumbuka. Nilisema, "Mama, mwanamume hunywa. Vumilia."

"Nilienda nikanunua komeo kubwa," akasema.

Nilimwambia nilikuwa nimepanga kutengeneza mambo, siku zikapita. Nilimwambia sikujua yeye anamfungia nje. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Neno hilo la ulevi lilitoka mdomoni mwako," akasema. "Likatembea mtaa mzima, likaingia kwangu, likalala kitandani mwangu. Aliyemwaga ndiye anayezoa. Ukuta ukiisha utakwenda kukaa pale, na kila atakayesema mlevi utamwambia ilivyokuwa. Usimwambie alikuwa mgonjwa. Mwambie yote, na mlango."

"Mpaka lini?"

"Yeye alikaa nalo miaka ishirini na nane."

"Khalayi, mimi nina sabini na minane."

"Basi anza mapema."

Alhamisi, Mei 16

Sikwenda. Mimi si mtu wa kuamrishwa na mwanamke niliyempa paa mafuriko yalipokuja.

Ijumaa, Mei 17

Sikwenda.

Jumanne, Mei 21

Nerima ameniambia Marion anamchora Andati ametanguliza mkono wa kushoto kama watu wote. Andati alitanguliza wa kulia, wa kushoto ukakaa nyuma kama nyundo. Nikachukua fimbo nikaenda. Mtu akichorwa vibaya aliyemfundisha ndiye anayeaibika.

"Mzae, si ungekuja mapema," Marion akasema, akafuta mkono wote kwa kitambaa. Nilisimama mguu wa kulia mbele, nikamwonyesha. Alinitazama vizuri, akachora. Amemweka kwenye ile nafasi ya tatu kutoka mlangoni. Uso ameuchukua kwenye picha ya kitambulisho aliyoleta Khalayi. Ni yeye. Macho yanauliza kama bado.

Picha yangu amenirudishia, kavu kabisa katika nailoni yake.

Jumamosi, Mei 25

Ukuta umefunguliwa. Kulikuwa na kwaya, soda na hotuba ndefu. Nilisimama nyuma ya hema. Thuo alikuja na akala mkononi, akaziweka miguuni pangu bila neno, akaenda kukaa na Khalayi. Ni namba yangu.

Kijana mmoja mbele yangu akamwambia mwenzake, "Huyo wa ngumi naye. Mamangu anasema alikuwa chapombe balaa."

Nilimgusa bega. Lakini kwaya ilianza.

Jumatano, Mei 29

Mvua za mwisho, matone makubwa, machache. Nimekwenda ukutani saa tatu asubuhi na kigoda, sababu goti haliwezi. Mpaka saa sita walipita watu na kusoma majina tu. Kisha mwanamke mmoja wa makamo, mwenye mfuko wa sukuma wiki, akasimama mbele ya Andati, akatabasamu.

"Haki ya Mungu, huyu si ni yule mlevi wetu? Tulikuwa tunamwimbia."

"Hakuwa mlevi," nikasema.

Akageuka. "Umejuaje, mzee?"

Nikaanza. Nilimwambia kuhusu mizani na kilo moja na robo. Nilimwambia kuhusu bekari na magunia. Alikuwa anasikiliza, mfuko ameuhamishia mkono wa pili. Nikafika kwenye mlango, nikamwambia nani alikuwa ameushika, akanitazama mikono. Nilipofika kwenye kubisha mara ya pili mvua ikaongezeka, akafunika kichwa kwa leso. Akasema, "Pole, mzee," akakimbia. Ya daktari hakuyasikia.

Khalayi alikuwa amekaa mlangoni pake, ng'ambo ya barabara. Nikafungua mikono kumwonyesha kwamba huyo ameondolewa na mvua, si mimi niliyenyamaza.

Yeye akanionyesha kwa kidole mtu mwingine aliyekuwa anakuja.